Kumtoa uani, kumfikisha karakana: jinsi ya kuwapatia mafunzo ya ufundi watu wenye ulemavu wasiofikiwa Dar es Salaam

Tangazo la nafasi za mafunzo likibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, wanaolisoma ni wale waliokwisha kufika ofisini. Ndiyo maana sura ni zilezile kila mwaka: wanaume kuliko wanawake, wenye ulemavu wa viungo kuliko viziwi, wakazi wa karibu na barabara kubwa kuliko wa Chanika, Msongola au Kimbiji. Kiziwi asiyewahi kwenda shule, binti mwenye ulemavu wa akili anayefungiwa uani, kijana mwenye kifafa, mama mwenye ualbino anayeuza ndizi kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna kingine, kiziwi asiyeona: hawa ni wachache ndani ya wachache. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuwafikisha, awe kiongozi wa chama, afisa ustawi wa jamii, mwalimu, mzazi au kamati ya msikiti au kanisa.

Kwanza zijue njia, maana zipo zaidi ya moja na hazifanani. Yombo, wilayani Temeke, kuna chuo cha serikali cha ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu. Kiko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu na kinapokea hata wanaotoka mikoani, kwa hiyo kuishi Dar hakukupi nafasi ya mbele. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo Chang'ombe na kituo cha TEHAMA Kipawa, na vyote viwili vinapaswa kumpokea mwenye ulemavu kama mwombaji mwingine. Kuna urasimishaji wa ujuzi, ambapo VETA humpima aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Kuna mafunzo kwa fundi wa mtaani. Na kwa aliyeumia kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kosa la kwanza ni kumsukuma kila mtu Yombo kwa sababu jina lake linataja ulemavu. Mwenye mguu mmoja anayejua hesabu na ana simu janja huenda Kipawa ndiko kwake.

Kumpata aliyefichwa

Mlango wa mtaa ni mwenyekiti na mtendaji wa serikali ya mtaa. Nenda kwao kwa barua fupi, jitambulishe, omba orodha waliyo nayo. Usiiamini sana. Orodha nyingi zilianzishwa siku ya kugawa kitu, viti mwendo au unga, na ambaye hakupata siku hiyo hakuandikwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi mkoa. Uliza ya mtaa wako ina nani. Kama ipo kwenye makaratasi tu, hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Halafu pita mahali ambapo watu hawa huenda wakiwa na shida nyingine: kliniki za afya ya akili na kifafa katika hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, hospitali ya CCBRT pale Msasani, karakana ya viungo bandia ya MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vitengo vya elimu maalumu vya Uhuru Mchanganyiko, shule ya viziwi Buguruni. Shule ni hazina. Mwalimu anajua nani alimaliza darasa la saba miaka mitatu iliyopita na sasa anakaa nyumbani. Omba ampigie mzazi yeye mwenyewe kisha akupe ruhusa, usiombe namba za simu kwa mkupuo.

Ukifika nyumbani, usiulize "Hapa kuna mlemavu?" Jibu litakuwa hapana, na mlango utafungwa kwa heshima. Tumia maswali ya aina ya yale yaliyotumika kwenye sensa, yale sita ya Kundi la Washington: je, kuna mtu hapa mwenye ugumu wa kuona hata akivaa miwani, wa kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka au kuzingatia jambo, wa kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, wa kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Maswali haya yana tundu: hayamshiki vizuri mwenye ulemavu wa afya ya akili wala mwenye kifafa, na mwenye ualbino anayeona kwa karibu anaweza kupita. Ongeza matatu yako: kuna anayeanguka kwa degedege au kifafa? Kuna anayetumia dawa za akili au aliyewahi kulazwa kwa ajili hiyo? Kuna mwenye ualbino?

Nenda wawili, mmoja awe mwanamke. Ikiwezekana mmoja awe na ulemavu yeye mwenyewe. Mzazi anayeficha mtoto hubadilika sauti akimwona mtu mzima aliyefika pale kwa fimbo nyeupe akifanya kazi yake. Saa nzuri ni alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kazi za ndani zikiwa zimepungua. Ongea na mhusika. Mzazi akijibu kila kitu kwa niaba ya mtu wa miaka ishirini na sita, sikiliza, shukuru, kisha rudisha macho kwa mwenyewe na uliza tena taratibu.

Maneno yana uzito. "Kiziwi" ni jina ambalo viziwi wenyewe wanalitumia, "bubu" hawalitaki. "Mtu mwenye ualbino", basi. Na Kiswahili si lugha ya kila mtu jijini: bibi aliyeletwa na wanawe kutoka bara, au kijana wa jamii ya wafugaji, anaweza kukuitikia "ndiyo" kwa adabu tu bila kuelewa. Mwambie akueleze kwa maneno yake ulichosema. Ukiona hajaelewa, tafuta ndugu au jirani anayejua lugha yake, lakini asiwe mtoto wa kumtafsiria mzazi habari za ugonjwa.

Karatasi

Hapa ndipo wengi huishia. Kwa kawaida utaombwa cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya mtaa, picha, cheti cha shule kama kipo, na fomu ya daktari. Vianze vyote mapema, kwa sababu kozi ndefu za VETA kwa kawaida huanza Januari na maombi hutangulia miezi kadhaa. Ukianza kutafuta cheti cha kuzaliwa Oktoba, mwaka huo umepotea.

Tatizo kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasoma "Mwanahamisi Juma", shule imeandika "Hamisa J.", mtaa unamjua kwa jina la baba wa kambo. Andika majina yote kwenye karatasi moja kabla hujaenda popote, kisha tafuta hati ya kiapo ya kuyaunganisha. Tatizo la pili ni alama za vidole za NIDA. Asiye na vidole, au ambaye vimeliwa na ukoma au kuungua, husimamishwa kwenye mashine na kuambiwa arudi kesho. Siku ya miadi mtangulize mtu amweleze afisa msajili hali hiyo kabla foleni haijafika. Barua ya daktari inayotaja vidole waziwazi huokoa safari.

Fomu ya daktari nayo isiandikwe "mlemavu" ikaishia hapo. Mwombe daktari aandike anachoweza: anakaa saa ngapi, ananyanyua kilo ngapi, anaona maandishi ya ukubwa gani kwa umbali gani, kifafa kilimshika mara ya mwisho lini. Mkuu wa chuo anayeogopa hupungua hofu akiona hizo.

Panga safari zote ziwe mbili, siyo sita. Kila safari ya mtu anayehitaji msindikizaji ni nauli mara mbili.

Asipangiwe cherehani kabla hajaulizwa

Kuna mazoea ya ajabu: mwanamke mwenye ulemavu ni ushonaji, asiyeona ni kufuma vikapu, kiziwi ni useremala. Matokeo yake mtaa mmoja una mafundi nguo kumi na wawili wanaogombea sare za shule za Januari, kisha miezi kumi hawana kazi.

Kabla ya kuchagua fani fanya mambo mawili. La kwanza, tembea mtaa wa mhusika, umbali wa dakika kumi kwa mguu kila upande, uhesabu: mafundi nguo wangapi, wa simu wangapi, wa kuchomelea, saluni, wa friji, wa bajaji. Kwa kila fundi uliza swali moja: kazi gani unaikataa kwa kuwa huiwezi au huna muda? Majibu hayo ndiyo soko. Utasikia kudarizi, kubadili zipu za mabegi, kusuka nyaya za feni, kutengeneza pasi na jagi za umeme. La pili, mpeleke mhusika kwa mafundi watatu tofauti, saa mbili kila mmoja, siku tatu. Asiangalie tu, apewe kazi ya mkono: kukata kitambaa kwa mstari, kufungua na kufunga skrubu nane, kupima na kukata ubao. Andika alichomaliza, alichoshindwa na alichouliza. Saa sita hizo zitakueleza zaidi ya fomu yoyote.

Tahadhari ipo, lakini iwe ya kweli. Mwenye kifafa kisichotulia asiwekwe kwenye msumeno wa mviringo, kwenye ngazi au kwenye moto wa kuchomelea. Akitulia kwa dawa, jambo hilo waongee yeye na daktari wake. Mwenye ualbino asipelekwe uashi wa juani, na akifanya kazi popote penye dirisha apate kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua (yapo yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino). Aliyekatwa mguu na anasubiri mguu bandia, apimwe na avae kwanza. Akianza kozi katikati ya vipimo atakosa siku kila wiki na lawama itakuwa "ni mvivu".

Kurekebisha karakana

Mkuu wa chuo atakwambia "hatuna miundombinu". Nenda na futi ya kupimia. Mara nyingi kinachokosekana ni gunia chache za saruji na mtu wa kusema iwekwe wapi.

Njia ya kuteremkia kiti mwendo hupimwa moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Ukiufanya wa mita moja kwa kubana nafasi, mtu atahitaji kusukumwa, na mvua ya masika itaugeuza telezi. Upana usipungue sentimita 90, ukingo uwe na kizuizi kidogo gurudumu lisitoke, na uso upigwe brashi wakati saruji ni mbichi ili uwe na mikwaruzo. Mlango nao sentimita 90. Ndani, acha duara la sentimita 150 mahali pamoja angalau, ili kiti mwendo kigeuke. Chini ya meza ya kazi pawe wazi kwa sentimita 70 kwenda juu, la sivyo magoti yanagonga na fundi anafanya kazi upandeupande hadi mgongo uume. Na choo. Chuo kinaweza kuwa na rampu nzuri mlangoni na choo cha kuchuchumaa chenye ngazi mbili. Wanafunzi wa kike huacha kunywa maji kutwa, kisha huacha chuo, na hawasemi kwa nini. Kwa hiyo ukienda kukagua, anza na choo.

Cherehani ya kukanyaga haimfai asiye na nguvu za miguu. Ya mkono au ya mota yenye kiwashio cha goti au kiwiko inamfaa, na fundi yeyote wa mashine hizo anaweza kukihamisha.

Kwa kiziwi, king'ora cha hatari kiwe na taa inayomwekamweka juu ya mlango. Kwenye kuchomelea, kofia ya uso inaziba macho na mikono ina kazi, kwa hiyo alama za "simama", "zima" na "moto" zikubaliwe kabla kofia haijashuka, na mtu mmoja asimame pale anapoonekana. Mkalimani wa lugha ya alama hawezi kufasiri kutwa nzima peke yake; baada ya dakika 20 hadi 30 akili huchoka na maneno huanza kuanguka. Wawe wawili wapokezane, au mwalimu agawe kipindi: maelezo dakika 20, kisha mkono saa nzima. Lipo jingine ambalo wengi hawalijui. Kiziwi asiyewahi kusoma kwa kawaida hajui Lugha ya Alama ya Tanzania. Ana ishara za nyumbani tu. Mkalimani aliyesomea atamshindwa. Huyo anahitaji kiziwi mwenzake mzoefu akae naye wiki za mwanzo, na mwalimu anayeonyesha kwa kitendo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho cha kuuliza.

Mwenye uoni hafifu apewe maandishi ya ukubwa wa pointi 18 hadi 24, rangi nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa, na akae dirisha likiwa mgongoni mwake. Asiyeona azungushwe karakana kabla ya siku ya kwanza, mashine zikiwa zimezimwa, aguse kila kitu. Baada ya hapo hakuna anayehamisha benchi bila kumwambia. Mwenye ulemavu wa akili apewe kazi iliyokatwa vipande vitano hadi saba, kila kipande na picha yake ukutani, na asiende cha pili kabla cha kwanza hakijakaa. Kwa mwenye ulemavu wa afya ya akili, ratiba ya kozi iheshimu siku za kliniki, na tangu mwanzo yeye mwenyewe aandike: nikianza kuzidiwa utaona hivi, mpigie fulani, nafasi yangu itunzwe kwa wiki kadhaa. Bila hilo, kuzidiwa mara moja huhesabiwa utoro.

Nauli huua kozi kuliko ngazi

Piga hesabu mbele ya familia. Mtu wa Mbagala Chamazi anayesoma Chang'ombe kwa magari mawili, na msindikizaji: magari mawili, kwenda na kurudi, watu wawili, ni nauli nane kwa siku. Siku 22 ni nauli 176 kwa mwezi. Ongeza konda anayetoza kiti mwendo kama mzigo, na bajaji siku ya mvua. Wengi huanza kwa nguvu na kutoweka wiki ya tatu, pesa zikiisha. Chuo huandika "ameacha mwenyewe". Kuna anayepoteza zaidi ya nauli. Anayeomba kwenye mataa au anayeuza karanga huleta chakula cha jioni, na kumwambia akae darasani miezi sita bila kitu ni kumwambia nyumba ilale njaa.

Kwa hiyo pendelea penye bweni kama usalama wa mabinti umekaguliwa: nani ana ufunguo, nani analala humo, malalamiko yanapelekwa wapi. Au chagua kozi fupi ya saa chache. Au tumia kituo cha mwendokasi, ambako sakafu ya basi na jukwaa viko usawa mmoja. Mtu wa Kimara anaweza kufika Gerezani bila kubebwa, shida yake ikabaki kipande cha mwisho.

Au leta mafunzo mtaani. Mpangie fundi mzuri wa jirani, mkubaliane kwa maandishi: miezi mingapi, ujuzi gani kila mwezi, vifaa ni vya nani, mwanafunzi anaanza kulipwa lini na kwa kazi zipi. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Bila karatasi hiyo, mwanafunzi mwenye ulemavu hugeuka mfagiaji na mchota maji kwa mwaka mzima. Tunza picha za kazi alizofanya, zenye tarehe. Akishaiva, aombe kupimwa na VETA kwa urasimishaji wa ujuzi. Siku ya kupimwa chuo kijue mapema kama anahitaji mkalimani au muda wa ziada.

Aliyeumia kazini

Kwa mtu aliyepoteza mkono kiwandani Tandale au aliyeanguka jengoni Kariakoo, usianze na chuo. Uliza kwanza kama ajali iliripotiwa. WCF hulipwa na michango ya mwajiri, mfanyakazi hakatwi, na mafao yake yanajumuisha huduma za utengamao pamoja na matibabu na malipo ya ulemavu. Mwajiri akishapewa taarifa ana siku saba za kuifikisha kwenye Mfuko, na dai lenyewe halitakiwi kupita miezi kumi na mbili. Mwajiri asipojiandikisha, dai la mfanyakazi halifi kwa sababu hiyo. Lifikishwe Mfuko moja kwa moja. Vibarua hudhani hawahusiki kwa kuwa hawana mkataba wa karatasi. Wapeleke waulize, wakiwa na majina ya wenzao walioona.

Baada ya cheti

Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwenye watu 100 ni watatu. Ukienda kwa mwajiri usifungue kwa sheria. Fungua na kazi: mtu huyu anafanya hiki, njoo umwone nusu siku. Sheria iwe mfukoni.

Wengi watajiajiri, na halmashauri zote tano za jiji, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Maombi ya vikundi hukwama kwenye mambo madogo: muhtasari wa kikao usio na sahihi, akaunti isiyofunguliwa, andiko la biashara lililonakiliwa kutoka kikundi kingine hadi jina la mtaa. Kuweni macho na anayekuja na kikundi tayari akitaka majina yenu tu. Deni litabaki na jina, cherehani zitaondoka naye.

Weka daftari moja lenye safu hizi: kata, jinsia, umri, aina ya ugumu, alipatikana wapi, karatasi iliyokosekana, fani, siku aliyoanza, siku aliyokosa mara ya kwanza na sababu, hali yake baada ya miezi mitatu na sita. Safu ya "siku aliyokosa mara ya kwanza" ndiyo ya kusomwa kila Ijumaa, kwa sababu simu ya siku hiyohiyo hurudisha mtu na simu ya mwezi ujao hairudishi. Kila robo mwaka hesabu mistari kwa kata na kwa aina ya ugumu. Ukikuta viungo 19, viziwi 4, afya ya akili 0, na Msongola haina hata mstari mmoja, safari ya robo ijayo inaanzia Msongola, na inaanzia kliniki.